Jandarme Aliyembeba Mama Mkwe

Katika miaka ile ambayo jimbo letu la Katanga lilijitenga na nchi, asubuhi zetu zilianza na moshi. Ulitoka kwenye dohani ndefu ya kiwanda cha Shituru, alikofanya kazi baba yangu, ukashuka taratibu juu ya kambi yetu ya Panda na kukaa kati ya nyumba kama mgeni asiye na haraka ya kuaga. Ulikuwa na ladha. Ukilamba midomo ulisikia uchachu. Mpaka leo nikiwakumbuka watu wa wakati ule nawaona wakitokea ndani ya moshi huo, miguu kwanza, halafu mwili, na sura mwisho kabisa.

Ndivyo nilivyomwona mchumba wa mama mdogo siku ya kwanza aliyovaa sare. Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu. Alikuja mjini kwetu Likasi kutoka kwao kaskazini, ng'ambo ya mto Lualaba, kumsaidia mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho, akabaki. Mchumba wake alikuwa kijana wa hapohapo kambini, mtoto wa watu wa mto Lufira, mrefu, mwenye aibu, ambaye hadi juzi tu alikuwa akipakia magunia stesheni. Sasa alikuwa jandarme, askari wa Katanga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kitu, na kwa kuwa ndoa ilikuwa karibu, nilikuwa nimeanza kumwita baba mdogo.

Siku ile vijana wote wa kambi walioingia jeshini walipitishwa barabara kubwa, fanfari ya parokia ikiwatangulia. Tarumbeta moja ilikuwa imepasuka na ililia kama mbuzi, lakini hakuna aliyecheka. Wanawake walifungua vitenge vyao vya juu na kuvitandika vumbini ili askari wakanyage juu yake. Wazee walivua kofia. Mtu ambaye wiki iliyopita alimfokea kijana fulani kwa kumwibia papai sasa alimpungia mkono na machozi yakimlengalenga. Mama mdogo naye alitandika kitenge chake, kipya, cha ndege wa kijani. Mchumba wake alipofika hapo aliruka. Alikiruka kitenge kizima kama mtu anayeruka mfereji, akaharibu mstari, na wenzake wa nyuma wakagongana.

Jioni alipokuja kwetu mama mdogo alikuwa amenuna.

"Juu ya nini uliruka kitenge yangu? Ya bengine ulikanyaga."

"Buti ilikuwa na matope," akasema, akiangalia buti zenyewe. "Ya bengine ni ya bengine. Ile ilikuwa ya weye."

Mama mdogo aliingia ndani haraka ili asionekane anacheka.

Kuanzia siku ile maisha yake yalibadilika. Kwenye bomba la maji, ambako wanawake waligombania foleni tangu alfajiri, alisogezewa nafasi. "Pisheni, bibi ya jandarme anakuya," walisema, na mimi niliyemfuata na ndoo yangu nilipita kwenye njia ileile kama mtoto wa mfalme. Nilifikiri dunia itakaa hivyo. Nilifikiri sare ni kitu kama mvua, kinachoshuka na kufanya kila mtu apendwe.

Kisha zikaanza habari za kaskazini. Zilikuja na abiria wa treni, na baadaye treni zenyewe zikawa haziji, kwa kuwa reli ilikatwa upande wa Bukama. Watu walisema kuna vijana wa porini wasiotaka Katanga ya peke yake. Waliitwa bajeunesse. Walisemekana kuvaa kofia za ngozi za nyani, kujipaka dawa ya kugeuza risasi maji, na kuua yeyote aliyesimama upande wa serikali. Hakuna kambini aliyewahi kuwaona, kwa hiyo kila mtu aliwaelezea vizuri sana. Na vijana hao walikuwa Waluba wa kaskazini, kabila la mama yangu.

Hakuna aliyetutukana. Ilikuwa tu kwamba maneno yalikatika tulipokaribia. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke aliyemchukulia mama yangu kama dada, siku moja alimuuliza bombani, kwa sauti ya upole kabisa:

"Bandugu benu, banataka nini kweli?"

"Bandugu bangu gani?" mama akauliza.

"Bale ba kukata reli."

Mama alijitwika ndoo yake na maji yakamwagikia shingoni. Nyumbani alimwambia baba, na baba, aliyekuwa mtu wa Katanga ya kusini na hakuwa na lolote la kuogopa kwa ajili yake mwenyewe, alimaliza kwanza bukari yake, yaani ugali. Kisha alisema tusiongee tena Kiluba nje ya nyumba. Basi Kiluba kikawa lugha ya ndani, pamoja na kunong'ona na harufu ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Hadi leo nikikisikia najikuta nimeshusha sauti.

Kilichotukinga ni ile sare. Watu walisema: ndiyo, ni Waluba, lakini binti yao ameposwa na jandarme. Halafu mwenye sare akapelekwa kaskazini.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwa watu wa mama yangu, mwanamume na mama wa mchumba wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, na kugusana hakuwaziki. Ndiyo heshima yenyewe. Kabla ya vita, kijana wetu alipokwenda kaskazini na baba yake kujitambulisha kwa kambo yangu, ndivyo tunavyomwita bibi, yaani mama yake mama, alikaa uani muda wote ameupa mlango mgongo. Kambo, ndani, alimchungulia kupitia ufa wa ukuta. Alituma neno kwamba kijana anamfaa. Alikuwa amekiona kisogo chake tu.

Kijana alirudi mvua zilipokuwa zikikaribia kuisha. Ilikuwa mchana wa manyunyu mepesi, yale yasiyojulikana kama ni mvua au ni moshi umelowa. Nilikuwa kibarazani nikichambua maharage. Niliona kamyo la jeshi limesimama mwisho wa safu ya nyumba, na mtu akishuka, na umbo lake lilikuwa baya: pana mno juu, lina vichwa viwili. Likatembea kuja kwetu. Majirani walitoka milangoni, mmoja baada ya mwingine. Lilipokaribia ndipo nikaona kwamba ni baba mdogo amebeba mtu mgongoni, mwanamke mzee amefungwa kwa kamba ya mfuko wa kulalia kama mtoto mchanga, miguu yake mikavu ikining'inia kiunoni mwa sare.

Alimshusha kibarazani kwa uangalifu, akageuka upande, akauelekeza uso wake ukutani.

"Yaya," akamwambia mama yangu, kama anavyoitwa dada mkubwa, bila kumtazama, "nilileta mama yenu."

Mama alipiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani. Mama mdogo alitoka jikoni na mikono ya unga. Kambo alituangalia sote, akamwangalia na mwanamume aliyesimama akiukabili ukuta, akasema neno moja tu, kwa Kiluba, kwa sauti kubwa, nje, mbele ya majirani wote. Aliomba maji.

Habari yenyewe tuliipata vipande vipande, kwa siku nyingi. Kambo hakupenda kuisimulia kwa mfululizo. Alikuwa akikunja majani ya mihogo, au akimkanda mtoto mgongo, na sehemu moja ilimtoka, kisha akanyamaza hadi wiki nyingine.

Waliokuja kwanza kijijini ni vijana wa porini. Walichukua mbuzi wake na chumvi yake yote. Mmoja wao alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa kaka yake mama, ambaye zamani kambo alikuwa akimwogesha kwenye beseni.

"Alivaa kofia ya nyani," kambo alisema. "Nilimuambia, toa ile kintu ku kichwa, utapata chawa. Alinitazama sawa hanijue."

Vijana walipoondoka wanakijiji waliogopa, wakakimbilia mtoni. Kambo miguu yake ilikuwa mibovu, akabaki. Halafu wakaja majandarme. Alikaa mlangoni pake na kuwasikia wakitoka nyumba hadi nyumba, na mapaa ya nyasi yakianza kuvuma. Anasema moto wa mbali unafanana na watu wengi wanaopiga makofi. Askari alikuja na kinga cha moto, akapita kando yake bila kuangalia chini, akakiinua hadi kwenye paa lake. Paa likashika. Alipogeuka kwenda nyumba ya pili, kambo akamwona kwa nyuma.

"Nikamuambia: weye njo mukwe wangu. Sura sijue, lakini kisogo najua."

Mama aliuliza alifanya nini.

"Aliangusha moto. Halafu alifunika macho. Nyumba inaungua, na yeye anafunika macho juu ya heshima!" Kambo alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha akaendelea kukunja majani.

Alimbeba akiwa amefumba macho nusu ya njia, akijikwaa, mpaka kwenye kamyo, akamficha kati ya magunia ya unga. Wenzake walimwona na hawakusema. Labda kila mmoja alikuwa na kisogo cha mtu kichwani mwake. Sijui, hilo ni wazo langu la utu uzima.

Kambini habari ilienea na kugawanya watu. Wengine walikuja na vikapu vya viazi vitamu kumpongeza kambo kwa kuokolewa, wakasema mnaona, majandarme wetu wana roho. Wengine walisema kijana amemleta bibi wa bajeunesse katikati yetu, nani anajua anachopika usiku. Jirani wa ukuta mmoja alifanya yote mawili: alileta viazi, na siku mbili baadaye akawazuia watoto wake wasicheze kwetu.

Mama mdogo alingoja hadi mchumba wake alipopata ruhusa ya kutoka kikosini. Alimkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa palepale nikikatakata kuni na hakuna aliyenifukuza.

"Ni weye uliwasha?"

"Ni minye."

"Balikutuma?"

"Balitutuma shiye bote. Lakini mukono ilikuwa yangu." Akaongeza: "Sikujua ni kwao. Ile mara ya kwanza tulifika kwa njia ya maji. Safari hii tulitokea ku pori. Nyumba zote zilikuwa sawa."

Mama mdogo hakulia. Alichukua shoka mikononi mwangu akapasua kuni zilizobaki mwenyewe.

Ndipo ikaja Jumapili ya kikao. Baba yake kijana alikuja na shati jeupe kuzungumzia arusi, kwa sababu kwa maoni yake mwanawe sasa alikuwa na haki maradufu. Tulikaa uani baada ya misa. Kijana alikaa pembeni, mgongo kwa kambo, kama inavyotakiwa. Hewa ilikuwa nyeupe na nzito, na nakumbuka vyote vilienda polepole, hata nzi.

Kambo alimsikiliza yule baba hadi mwisho. Kisha akasema, "Geuka."

Hakuna aliyejua anasema na nani.

"Weye, jandarme. Geuka, unitazame."

Watu waliinamisha macho. Kijana aligeuka kidogo kidogo, kiti kikikwaruza ardhi, na kwa mara ya kwanza wale wawili wakatazamana. Nadhani ilimuuma kuliko kipigo.

"Ulinibeba," kambo alisema. "Tumbo yangu ilikuwa ku mugongo yako. Nilisikia moyo yako inapiga. Mukwe habebake mama-mukwe. Mutoto njo anabebaka mama yake. Basi, kuanzia leo, weye haina tena mukwe. Weye ni mutoto wangu."

Kijana alifunika uso akaanza kulia kwa sauti, na baba yake akatabasamu, akageuka huku na huku kupokea pongezi. Mama yangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika mdomo. Kutoka mlango wa jikoni sauti ya mama mdogo ikauliza:

"Na minye?"

"Weye ni dada yake," kambo akajibu.

Hivyo ndivyo arusi ilivyovunjika, bila ugomvi, bila neno baya. Kwa sentensi moja kambo alimpa kila kitu na kumnyang'anya kile kimoja alichokitaka. Nilimuuliza mama miaka mingi baadaye kama ile ilikuwa adhabu au baraka. Alisema aliwahi kumuuliza kambo, na kambo alimjibu kwamba yeye alisema tu kilichotokea. Mimi kesho yake nilikatazwa kumwita baba mdogo. Niliambiwa nimwite mjomba. Ulimi wangu ulisumbuka kwa mwezi mzima.

Jakaranda zilipochanua, vita vilifika mjini kwetu. Askari wageni wa kofia za buluu, weupe kutoka kisiwa cha mbali chenye mvua, waliotumwa kuizuia Katanga kujitenga, walizingirwa na majandarme wetu nje ya mji, wakaishiwa maji, wakajisalimisha, wakawekwa kwenye hoteli moja. Watu walivaa vizuri kwenda kuwatazama, kama wanakwenda kwenye mechi. Wapo waliozomea. Wapo waliowarushia maua ya zambarau, na sikuelewa kama ni dhihaka au salamu. Kambo alitaka awaone naye, basi tulimpeleka polepole, mama mkono huu na mimi mkono ule. Kwenye baraza ya hoteli alisimama kijana mwenye pua inayobanduka ngozi kwa jua. Alimpungia kambo mkono.

"Huyu mama yake anamutafuta," kambo alisema, kisha akataka kurudi nyumbani.

Mjomba alikuwa miongoni mwa waliolinda mlango. Hakutusalimia, maana alikuwa kazini, lakini alisogea ili kivuli chake kimwangukie kambo.

Mwisho wa yote ulikuja zaidi ya mwaka mmoja baadaye, katika mvua za Januari. Mizinga ililia upande wa Lufira, taa za nyumba za kampuni zikafifia, na watu wakatoka wakiulizana kama bwawa la Koni limechukuliwa, kwa sababu umeme wetu wote ulitoka kule. Siku hizo nilikuwa na homa ya malaria na sijui ni lipi nililoliota. Niliwaona askari wengine wa jeshi lile la wageni, wenye vilemba na ndevu, wakipita barabarani katika mvua, na watu wakiwapigia makofi, watu walewale wa Panda, kwa furaha ileile. Hilo mama alinithibitishia kuwa lilikuwa kweli.

Mjomba alifika saa za mchana, bila bunduki. Alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba mbili kabla ya yetu, nyumba za watu waliomtandikia vitenge, na zote zilikuwa zimefungwa kwa ndani. Kwetu pia baba alisimama mlangoni, hana uhakika. Alikuwa na watoto; mitaani kulisemwa kwamba wanaowaficha majandarme watapata taabu.

"Naomba shati tu," mjomba alisema. "Shati na suruali. Nitaenda."

Kambo alisikia kutoka ndani. "Ni nani?"

"Ni mutoto yenu," baba akasema, na nadhani neno hilo lilimponyoka kabla hajalipima.

"Basi anasimama inje juu ya nini? Mvua haimujue?"

Aliingia. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka nikitetemeka, na nilimwona akivua koti lile la jeshi, na chini yake alikuwa mtu mwembamba sana, mdogo kuliko nilivyodhani, kama aliyekuwa akitembea muda wote ndani ya nguo za kaka yake. Mama mdogo alimletea shati la baba. Alilikunjua, akampa, akaenda. Mwaka ule aliolewa na fundi wa reli, wakahamia Kolwezi, na maisha yake yalikuwa mazuri, hilo ninaweza kulisema bila kuongeza chumvi.

Barabara ya kaskazini ilipofunguka kambo alitaka kwenda kwao. Mjomba alisema atampeleka. Baba alimwonya kwamba watu wa kule watamtambua. Alijibu kwamba ndiyo, watamtambua. Hatukusikia habari zao mpaka mwaka uliofuata, mama alipoweza kusafiri, akanichukua.

Tulimkuta kambo kwenye kibaraza cha nyumba mpya, akilalamika. Nyumba imejengwa na mjomba, kwa udongo na nyasi, lakini mlango umetazama kusini, nani anajenga hivyo? Mjomba alikuwa amekonda, mikono imekuwa migumu, na alitusalimia kwa Kiluba kilichovunjikavunjika. Kambo alituambia kwamba alipokuwa akijenga, kijiji kizima hakikumsemesha. Walimpita kama kisiki. Ila mwanamke mmoja mjane, ambaye nyumba yake iliungua siku ileile, alimwambia siku moja kwamba akimaliza hapo aje ajenge na kwake. Alikwenda. Kisha akajenga nyingine. Na yule mjukuu wa kofia ya nyani, aliyekuwa amerudi kutoka porini, alikuwa akimkatia miti. Hawakupendana. Walifanya kazi kutwa nzima bila kuzungumza, mmoja akishika gogo, mwingine akipiga.

Mjomba alibaki kule. Alioa binti wa yule mjane, akazaa, akajifunza kuvua samaki. Wapo wazee wa kijiji ambao hawakumsalimia mpaka walipokufa, na yeye alihudhuria mazishi yao yote, akisimama mbali kidogo. Wengine walimwita mtoto wa kambo yangu, na watoto wao hawakujua kuwa kulikuwa na namna nyingine ya kumwita.

Siku ya mwisho ya safari yetu ile mjomba alitusindikiza hadi kivukoni. Asubuhi ilikuwa na ukungu juu ya Lualaba, mweupe, usio na ladha yoyote. Nilitaka kumuuliza kama neno la kambo lilikuwa kwake adhabu au baraka, nikaona haya. Alikuwa ameshika mzigo wa mama kichwani, na alikuwa akimweleza kwamba mvua zikiisha ataugeuza ule mlango, kwa kuwa kambo hataacha kusema mpaka augeuze.